Kumng'oa kinara wa chama tawala ukiwa Bungoma: tathmini ya huduma za Msajili wa Vyama na Jopo la Mizozo

Gazeti Rasmi la Serikali ya Kenya hutoka Ijumaa. Kwa mwanachama aliye Bungoma, Busia au Homa Bay, hili lina uzito kuliko hotuba zote za mikutano ya hadhara. Notisi ya chama kutaka kubadilisha maafisa wake ikichapishwa Ijumaa, humpa mwananchi siku 7 za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Jumamosi na Jumapili zinapita bila ofisi hata moja kufunguliwa. Zinabaki siku 5 za kazi za kutafuta kumbukumbu za mkutano, kuapa, kuskani na kutuma. Anayesikia habari redioni Jumatano, akaitisha kikao cha wazee wa tawi Ijumaa, ataandika barua nzuri sana Jumamosi, lakini mlango utakuwa umefungwa.

Tunatathmini hapa huduma mbili za umma ambazo wanachama wa vyama huzikumbuka maji yakishafika shingoni: ofisi ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa na Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa. Tumezipima kwa mahitaji ya mtu wa Kisumu, Nakuru au Magharibi anayetaka kumpinga kinara wa chama kilicho serikalini, na pia ya yule anayetaka kumkinga kinara huyo. Kwa ufupi, huduma zote mbili zinafanya kazi, tena siku hizi nyingi zinapatikana kwa simu na kompyuta. Lakini zinapima karatasi. Umati uliojaa uwanja wa Mamboleo, Kisumu, haumo kwenye faili. Walioshindwa wengi wameshindwa kwa orodha ya mahudhurio isiyo na nambari za vitambulisho.

Thamani ya kuwa na mahali pa kulalamika inaonekana ukikumbuka Machi 1966. Katika kongamano la KANU, chama tawala cha wakati huo, huko Limuru, cheo kimoja cha makamu wa rais wa chama, alichokishikilia Jaramogi Oginga Odinga, kilivunjwa kikawa vyeo 8 vya mikoa. Hakukuwa na Msajili wa kumwandikia wala jopo la kwenda kuuliza kama wajumbe walialikwa ipasavyo. Jaramogi alijiuzulu mwezi uliofuata, akaingia chama cha upinzani cha KPU. Leo, kwa Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011, jambo kama lile lingepitia notisi, pingamizi na kesi kabla jina halijabadilika kwenye sajili.

Kwanza wengi hukosea mlango. Mabadiliko ya uongozi bungeni si mabadiliko ya maafisa wa chama. Tarehe 11 Mei 2020, Jubilee ikiwa madarakani, Kipchumba Murkomen aliondolewa kuwa kiongozi wa wengi katika Seneti, na Susan Kihika, seneta wa Nakuru wakati huo, akaondolewa kuwa kiranja wa wengi. Vyeo hivyo ni vya Bunge, hupitia kikao cha wabunge wa chama na Spika. Cheo cha katibu mkuu, mwenyekiti au kinara wa chama hupitia katiba ya chama na Msajili. Ndiyo maana karatasi iliyojaa sahihi za wabunge haimtoi kinara wa chama Kenya. Wasomaji wanaofuatilia Uingereza huchanganyikiwa hapa, kwa kuwa katika chama cha Conservative barua za asilimia 15 ya wabunge zilitosha kuitisha kura, na tarehe 6 Juni 2022 Boris Johnson alipona kwa kura 211 dhidi ya 148, yote yakaisha jioni moja. Kwetu, isipokuwa katiba ya chama chenu iseme hivyo, mbunge ni mwanachama mwenye sahihi moja.

Sasa huduma yenyewe. Bora kuliko zote ni ile ndogo kabisa: kubonyeza *509# na kuangalia umeandikishwa chama gani. Inafaa kwa simu ya mulika mwizi, na mtu wa Budalang'i anaipata sawa na wa Westlands. Itumie kabla ya kukusanya sahihi hata moja. Sheria hairuhusu mtu kuwa mwanachama wa vyama viwili kwa wakati mmoja, na mwaka 2021 Wakenya wengi walishtuka kujikuta kwenye orodha za vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Mwenzako akitia sahihi ya kuitisha kongamano kisha upande wa pili uonyeshe kwamba sajili inamweka chama kingine, sahihi hiyo inageuka silaha yao. Kila mtia sahihi abonyeze mwenyewe, apige picha ya jibu kwenye skrini, na picha iwekwe pamoja na fomu yake. Kwa watu 40 ni kazi ya asubuhi moja.

Baada ya hapo, katiba ya chama. Mnahitaji ile iliyowekwa kwa Msajili. Nakala ya kijitabu iliyogawiwa kwenye kampeni huenda imepitwa na marekebisho mawili. Sheria inakitaka chama kiweke kwenye makao makuu na kwenye ofisi zake za kaunti sajili ya wanachama, katiba, sera, na hesabu zilizokaguliwa, na mwanachama ana haki ya kuvikagua. Mkikataliwa, andikeni ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ila hapa ndipo hesabu ya siku inapowaangusha watu: sheria hiyo inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, na pingamizi lina siku 7. Anayesubiri notisi ndipo aombe katiba amekwisha. Ombi liandikwe wakati chama kimetulia.

Ndani ya katiba hiyo tafuteni mambo manne tu kwanza: nani ana mamlaka ya kuitisha kikao, notisi ni ya siku ngapi na hutumwa kwa njia gani, akidi ni ngapi, na kura ya kumwondoa afisa ni ya wingi gani. Someni pia kama kumwondoa afisa ni kazi ya NEC, yaani kamati kuu ya kitaifa ya chama, au ya kongamano la wajumbe. Vyama vingi huipa NEC uwezo wa kusimamisha na kuliachia kongamano uwezo wa kufukuza. Mrengo wenye haraka hufanya kazi ya kongamano kwenye chumba cha hoteli chenye wajumbe wa NEC, kisha hushangaa.

Magharibi hawahitaji kuelezwa hili kwa mbali. Tarehe 31 Mei 2020, mrengo wa katibu mkuu wa Ford-Kenya, Eseli Simiyu, aliyekuwa mbunge wa Tongaren, ulitangaza kumvua Moses Wetang'ula uongozi na kumweka Wafula Wamunyinyi wa Kanduyi. Mrengo huo haukuwa mnyonge: ulikuwa na katibu mkuu mwenyewe, mtu ambaye jina lake lilikuwa kwenye sajili. Wetang'ula alikwenda kwa Jopo, na mwishowe akabaki kinara. Eseli na Wamunyinyi wakaelekea chama kingine, DAP-K. Ford-Kenya haikuwa serikalini wakati huo, lakini funzo la kikazi ni lile lile kwa chama tawala: kuwa na katibu mkuu upande wako hukupa kalamu ya kumwandikia Msajili, hakukupi akidi.

Tuikaze akidi kidogo, kwa kuwa hapo ndipo penye kuvuja. Tuseme kamati ina watu 36 na katiba inataka nusu, yaani 18. Orodha ina sahihi 19. Inaonekana kuna salama ya mtu mmoja. Kisha wawili wanaapa kwamba hawakuwa kwenye kikao, mmoja kwa kuonyesha alikuwa kwenye ndege, mwingine kwa kusema sahihi si yake. Mnabaki 17, na kila azimio la siku hiyo linaanguka pamoja. Nendeni na ziada ya angalau watu 5 juu ya akidi. Orodha ya mahudhurio iwe na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, cheo, simu, saa ya kuingia na sahihi, kila ukurasa ukiwa na kichwa chenye tarehe, mahali na jina la kikao. Karatasi tupu ya sahihi isiyo na kichwa ndiyo inayozaa madai kwamba sahihi zilichukuliwa kwa ajili ya posho ya nauli zikahamishwa kuwa za azimio. Tenganisheni kabisa: karatasi ya nauli ni nyingine, ya mahudhurio ni nyingine.

Mahudhurio yakae na notisi ya mkutano na ushahidi kwamba ilitumwa kwa kila mjumbe, wakiwemo mahasimu. Kumwacha mpinzani nje ya notisi ni kumpa kesi bila jasho. Kisha kumbukumbu zilizotiwa sahihi na mwenyekiti na katibu wa kikao, maazimio kwenye ukurasa wake, na orodha ya maafisa wapya. Kwenye orodha hiyo hesabuni jinsia: chombo cha uongozi cha chama hakiruhusiwi kuwa na zaidi ya theluthi mbili ya jinsia moja. Kamati ya watu 30 isizidi wanaume 20. Mrengo ukimtoa mama mmoja na kumweka mwanamume, wanaume wakawa 21, pingamizi limejiandika lenyewe.

Kwa chama tawala kuna mtego wa ziada ambao vyama vya upinzani huujua kwa nadra. Ibara ya 77 ya Katiba inamkataza afisa wa serikali aliyeteuliwa kushikilia wadhifa katika chama cha kisiasa. Waziri, katibu wa wizara na waziri wa kaunti wote wamo, na Sheria ya Vyama nayo inawafungia watumishi wengine wa umma. Chama kikiwa serikalini, watu wake wa mstari wa mbele huteuliwa mmoja mmoja, na vyeo vya chama hubaki na majina yasiyofaa kuwapo. ODM ilipoingia katika serikali jumuishi mwaka 2024, Wycliffe Oparanya wa Kakamega na Hassan Joho waliacha unaibu kinara, John Mbadi akaacha uenyekiti. Nafasi zikajazwa, Gladys Wanga wa Homa Bay akawa mwenyekiti, na seneta wa Vihiga, Godfrey Osotsi, akawa mmoja wa manaibu. Huo ndio utaratibu safi. Mrengo unaotaka kupinga kikao chochote cha chama tawala uanze kwa kukagua nani kati ya waliopiga kura alikuwa tayari ameapishwa kazi ya serikali.

Kifurushi kikishafika kwa Msajili, sheria inampa siku 14 kuchapisha nia ya mabadiliko kwenye Gazeti Rasmi. Makao makuu ya ofisi ni Lion Place, Waiyaki Way, Westlands, na notisi zenyewe huruhusu pingamizi kuwasilishwa pia kwenye ofisi za mashinani au kwa barua pepe. Kwa mtu wa Kisumu hili ni jambo kubwa. Linaokoa nauli ya usiku na siku mbili kati ya zile 5. Ushauri wetu ni kufanya yote mawili: barua pepe Jumatatu, nakala ngumu kwenye ofisi ya mashinani Jumanne, na kuhakikisha nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Pingamizi liwe kurasa 3 au 4, likitaja nambari ya notisi ya Gazeti, kifungu cha katiba ya chama kilichovunjwa, na kiambatisho kinachothibitisha. Malalamiko ya jinsi kinara alivyosahau Nyanza au Bonde la Ufa yana mahali pake, lakini si hapa.

Dirisha la siku 7 ni fupi mno kwa nchi yenye kaunti 47, na tunalisema bila kusita. Notisi inayohusu chama chenye wanachama kutoka Turkana hadi Kwale haipaswi kuisha kabla gazeti halijafika kwenye maktaba ya kaunti. Siku 14 zingemtosha mtu wa kijijini na hazingemchelewesha mtu yeyote mwenye haki.

Tukija kwa Jopo, mambo yanabadilika. Wajumbe wake huteuliwa na Tume ya Huduma za Mahakama, kwa hiyo haliko chini ya Msajili. Kwa kweli husikiliza hata rufaa dhidi ya uamuzi wa Msajili. Malalamishi huwasilishwa kwa mfumo wa mtandao wa Idara ya Mahakama, na vikao vingi husikilizwa kwa video. Wakati wa kura za mchujo za 2022 Jopo lilisikiliza kesi Kisumu. Mwanachama anaweza kujiwakilisha, ingawa kwa vita vya uongozi wa chama tawala, ambapo upande wa pili utakuja na mawakili watano, tunashauri muungane na kumlipa mmoja.

Kikwazo cha kwanza Jopo litakachouliza ni kama mlijaribu njia za ndani ya chama. Hadi mwanzo wa 2022 sheria ilitaka mzozo uwe umesikilizwa na kuamuliwa ndani. Chama kikikalia malalamiko, mlalamishi alikwama. Marekebisho yaliyotiwa sahihi Januari 2022 yalilegeza kamba: sasa inatosha kuonyesha ushahidi wa kujaribu. Wengi wamesoma neno hilo vibaya. Barua iliyotumwa kwa kamati ya nidhamu saa 3 asubuhi na kesi ikawasilishwa saa 9 alasiri siku ile ile si kujaribu, ni kupitia mlangoni na kuchungulia. Andikeni barua inayotaja kosa, kifungu na mnachoomba; ipelekeni kwa chombo kilichotajwa kwenye katiba ya chama, si kwa kundi la WhatsApp la kaunti; toeni muda unaoingia akilini kulingana na dharura; kisha kumbusheni mara moja kwa maandishi. Barua mbili, na muhuri au risiti ya kila moja, zimeokoa malalamishi mengi.

Hati ya kiapo nayo ina mahali pake pa kuvunjikia. Chukua ile ya kawaida inayochapwa kwenye saiba karibu na mahakama za Kisumu au Nakuru. Aya 22, zote safi. Ukurasa wa mwisho una mistari miwili tu: mahali pa sahihi na pa kamishna wa viapo, bila hata aya moja ya maelezo juu yake. Upande wa pili utasema ukurasa huo ulitolewa kwenye hati nyingine, na hoja itakula nusu saa ya kikao. Mwambie mchapaji asogeze aya mbili za mwisho zishuke pamoja na sahihi. Mji na tarehe ya kuapa viandikwe, visiachwe na nukta nukta. Kila kiambatisho kipewe alama yake na kigongwe muhuri wa kamishna huyo huyo. Picha za skrini za *509# na za jumbe za WhatsApp nazo ni viambatisho, na kwa kuwa ni ushahidi wa kielektroniki, ambatisheni cheti kinachoeleza simu gani ilitumika, nani aliipiga picha hiyo na ilichapishwa vipi. Wakati wa kuskani, kila hati iwe faili moja ya PDF iliyosimama wima na yenye kurasa zilizopewa nambari. Hakimu anayegeuza kichwa kusoma kumbukumbu zilizolala ubavu hawezi kuziona sahihi mnazotaka azione.

Kama kuna hatari kwamba jina litabadilishwa kabla ya kusikilizwa, ombi la dharura la agizo la muda liende pamoja na malalamishi, si wiki moja baadaye. Msajili aunganishwe kama mhusika ili agizo limfunge.

Sheria inalipa Jopo miezi 3 kuamua. Kwa taasisi za Kenya, huo ni mwendo wa kasi, na hapa Jopo linastahili sifa. Ila muda huo ni wa Jopo peke yake. Rufaa huenda Mahakama Kuu, kwa hoja za sheria na za ukweli. Mvutano wa Jubilee baada ya kutoka madarakani, ambapo Jeremiah Kioni na Kanini Kega kila mmoja alijiita katibu mkuu na Uhuru Kenyatta akaitisha kongamano la wajumbe tarehe 22 Mei 2023, ulikokotwa mahakamani kwa zaidi ya mwaka. Panga pesa na subira kwa miaka miwili, hata kama unaomba amri ya wiki mbili.

Na pesa ndizo sababu vita hivi haviishi. Hazina ya Vyama vya Kisiasa hugawa asilimia 70 kwa kura ambazo chama kilipata, 15 kwa idadi ya wagombea wa makundi maalum waliochaguliwa, 10 kwa idadi ya wawakilishi, na 5 ya usimamizi. Chama tawala ndicho kwa kawaida kina kura nyingi, kwa hiyo fungu lake ni nono. Mrengo ulio kwenye sajili ndio unaozungumza na Hazina na ndio ambao sahihi zake hupelekwa kwa tume ya uchaguzi, IEBC, kuidhinisha wagombea. Anayeanza vita miezi minne kabla ya mchujo atasikilizwa kwa haraka, lakini atagongana na foleni ya kesi za tikiti. Anayeanza miaka miwili kabla ana nafasi ya kushinda na bado kuwa na chama.

Alama zetu: *509# nyota 5 kati ya 5. Notisi na pingamizi kwa Msajili nyota 3, na zote mbili zilizopungua ni kwa sababu ya siku 7. Jopo nyota 4. Lingepata ya tano kama lingekuwa na vikao vya kudumu Kisumu na Nakuru hata nje ya msimu wa mchujo, kwa kuwa mtandao wa vijijini hukatika katikati ya ushahidi na shahidi hubaki akiitwa jina kwenye skrini nyeusi.

Mkipata agizo, msilale nalo. Likabidhiwe chama kwa mkono na kwa barua pepe, na kwa WhatsApp ya katibu mkuu, mkihifadhi picha ya tiki mbili pamoja na saa. Aliyekabidhi aape hati ya kukabidhi siku hiyo hiyo. Kisha nakala iliyothibitishwa ipelekwe kwa Msajili, kwa kuwa agizo lisilofika kwake linaacha majina ya zamani pale pale kwenye sajili. Na ile nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa irudi Bungoma, ikae kwenye faili la tawi.